Utabiri Uliokula Ng'ombe wa Modesta

Kwa wewe ambaye ndiyo kwanza unafungua ukurasa huu, usihangaike kutafuta magazeti ya nyuma. Naitwa Mayala. Nauza mashine za gemu jijini Mwanza, hatua chache kutoka soko kuu la Nyamagana. Na mimi ndiye niliyeuza ng'ombe kumi na wanne wa mahari ya mdogo wangu Modesta bila yeye kujua.

Wanaonifuata tangu mwanzo wanajua ilivyokuwa. Juni mwaka jana niliuza mashine tisa. Julai kumi na nne. Agosti ishirini na moja. Wenye vibanda vya gemu, kuanzia hapa mjini mpaka Nansio kule Ukerewe, walikuwa wananibembeleza kwa simu. Watu wakaniita Mtabiri, kwa sababu nilikuwa nasema mwezi ujao nitauza ngapi, na kweli nauza. Nikavimba kichwa.

Nikaiendea kalenda ya parokia iliyokuwa ukutani, nikaandika kwa kalamu nyekundu: Septemba thelathini, Oktoba arobaini, Desemba sitini. Kalenda ilipoisha sikusimama. Niliendelea kwenye rangi ya ukuta: Januari themanini, Februari tisini. Kisha nikaenda nyumbani Misungwi, nikatoa ng'ombe zizini, nikaleta mashine sitini kwa mpigo.

Septemba niliuza sita. Oktoba mbili. Tangu Novemba mpaka Februari hii sijauza hata moja.

Wiki iliyopita nilisema bado nina muda wa kurekebisha mambo kabla Modesta hajajua. Nilijidanganya. Alhamisi asubuhi nilikuwa nafuta vumbi kwenye maboksi, nikasikia sauti mlangoni.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Modesta! Umekuja na nani?"

"Na miguu yangu."

Alikuwa na begi moja, na kanga imemfunika nusu ya uso. Akaitoa. Sikutaka kuangalia, lakini niliangalia. Taya lilikuwa limevimba, jicho la kushoto limefumba kabisa, na vidole viwili vya mkono wa kulia vimefungwa pamoja kwa kitambaa.

"Chenge?" nikauliza, kama vile ana waume wawili.

"Safari hii alitumia mchi." Aliketi juu ya boksi. "Kaka, sirudi tena. Nimeshaongea na baba mdogo Shimba. Jumapili watu wa Chenge wanakuja Misungwi kuchukua ng'ombe wao. Wote kumi na wanne, maana hatukupata mtoto; tungempata, wanaorudishwa wangepungua kwa ajili yake. Wakishatoka zizini, mimi si mke wa mtu."

Kwetu ng'ombe wa mahari si wa kaka wa kuchezea. Ndio wanaomrudisha binti nyumbani akishindwa. Wakirudishwa kwa mume, ndoa imeisha. Wasiporudishwa, mume anakuja na wazee wake na kumchukua mkewe mchana kweupe, na hakuna wa kumzuia.

"Mbona umenyamaza?" Modesta akauliza.

"Nafikiria."

"Unafikiria nini? Ng'ombe si wapo?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilifungua mdomo kabisa.

"Wapo," nikasema. "Nimewahamishia kwa rafiki yangu, kwenye malisho."

Uongo huo nilikuwa nimeshamwambia baba mdogo Shimba tangu Septemba, kwa hiyo ulitoka bila shida.

Modesta akacheka kidogo, akashika taya kwa maumivu. "Unajua, kaka, wenzangu kaka zao walishaoa kwa ng'ombe wao, wengine wamewanywea pombe. Mimi kila nikipigwa nilikuwa najiambia, ng'ombe wangu wako kwa Mayala. Ndiyo ilikuwa inanipa usingizi."

Nilitoka nje nikajifanya napokea simu. Nilisimama nyuma ya duka la jirani nikajipiga kofi mwenyewe, mtu mzima wa miaka thelathini na nane.

Siku nzima alikaa dukani na mimi. Kufika saa tisa akauliza, "Hivi kaka, mbona hakuna anayeingia?"

"Ni siku mbaya tu."

Akainua macho ukutani. "Na hii mistari myekundu?"

"Utabiri wa mauzo."

"Februari umeandika tisini. Mpaka leo umeuza ngapi?"

"Mwezi haujaisha, Modesta."

Hakuuliza tena. Angeniuliza tena ningefurahi, maana nadhani ningesema.

Ijumaa nilimwachia duka, nikapanda meli ya asubuhi kwenda Nansio. Nilikuwa na mpango mmoja tu: niuze maboksi yote hamsini na mawili kwa bei yoyote, ninunue ng'ombe, niwaingize zizini kabla ya Jumapili.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Okal. Huyu ni Mjaluo wa Mara aliyehamia kisiwani, na ndiye mteja wangu mkubwa kuliko wote. Alinunua mashine tano. Nilipofika mlangoni kwake moyo ukaruka kwa furaha. Kibanda kimejaa! Vijana wamebanana kwenye mabenchi, pedi za kuchezea hazipumziki, wengine wamesimama wakisubiri zamu.

"Okal ndugu yangu! Nichukulie kumi. Bei sema wewe."

"Kumi za nini, bwana? Nizipange niwe naziangalia?"

"Si unaona watu walivyojaa?"

"Wamejaa, ndiyo. Kwenye mashine zilezile tano ulizoniuzia. Zinapiga kazi mpaka leo, nakushukuru." Alinivuta pembeni. "Mayala, hii kitu si mkate, kwamba nikila leo kesho nitafute mwingine. Wewe uliona vibanda vinafunguliwa, ukafikiri vitafunguliwa mpaka Yesu arudi. Nansio hii yote, kila aliyetaka kibanda anacho. Wawili wameshafunga, na mashine zao nimezinunua mimi, ziko stoo."

Mashine arobaini na nne nilizouza ile miezi mitatu, nilijaribu kukumbuka hata moja iliyokwenda nyumbani kwa mtu. Haikuwepo. Zote zilikwenda vibandani. Nilikuwa nimehesabu kila kijana anayecheza kama mtu atakayenunua, na kijana huyo hana hata meza ya kuiwekea.

"Lakini hizi zitachakaa," nikasema. "Zikichakaa mtanunua nyingine."

"Zitachakaa lini?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui. Naanza biashara hii, niliambiwa toleo hili ni la kizamani, mwaka mmoja tu litakufa, watu wote watahamia jipya. Jipya likaja. Bei yake hapa nani ataiweza? La kizamani liko hai, wewe mwenyewe umeona. Wanaozitengeneza wenyewe wanakosea, wana maofisa wao na makompyuta yao." Akaanza kucheka. "Wewe na kalenda yako ya parokia!"

Nililia. Sina namna nyingine ya kulisema. Nililia mbele ya vijana wenye pedi mikononi, na mmoja akasimamisha mchezo. Nilimweleza Okal kila kitu: ng'ombe, mchi, Jumapili.

Okal aliacha kucheka.

"Ungeniambia mapema nisingekucheka," akasema. "Kuna mama mmoja hapa, mjane, anaitwa Wilhelmina. Ana ng'ombe. Malisho yamemshinda, anataka kuachana nao aingie kwenye biashara ya kuuza mashine za gemu. Mwezi mzima ananiuliza yule Mtabiri wa Mwanza anakuja lini."

Nikasimama. "Anakaa wapi?"

"Nitakuonyesha. Lakini Mayala."

"Nini?"

"Mwambie ukweli."

Nikamwambia sawa.

Mama Wilhelmina alikuwa anaanika mihogo. Alinikaribisha kama mchungaji wa kanisa, akafuta kigoda kwa kanga yake mwenyewe. Nyuma ya nyumba niliona ng'ombe, mbavu zinahesabika, wanalamba ukuta wa udongo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kumbe Mtabiri bado kijana!" Akawaonyesha watoto wanne waliokuwa wanachungulia. "Hawa ni wajukuu zangu. Mama yao alifariki, nimebaki nao mimi. Kisiwa kimejaa, kila mahali mihogo na nyumba. Kijana wa kuwachunga naye ameondoka. Nikasema niwatoe hawa ng'ombe wakiwa bado wanatembea."

"Nina mashine hamsini na mbili, mama."

"Okal ameniambia. Nitakupa kumi na wanne. Unaonaje?"

Kumi na wanne. Ningekuwa mtu wa kuamini ishara ningepiga magoti pale pale.

"Nimekubali," nikasema haraka.

"Ngoja kwanza. Mimi gemu siijui. Nasikia wewe unaujua mwezi kabla haujafika. Niandikie basi. Kila mwezi nitauza ngapi, hizi zikiisha niagize nyingine kwako, kwa miaka mitatu, mpaka huyu mdogo amalize darasa la saba. Ukiandika wewe nitalala."

Akamwita mjukuu wake alete daftari la shule. Akanipa na kalamu.

Najua mnachotaka nifanye, ninyi mnaosoma. Hata mimi nilikitaka. Nilitaka kusema, mama, ng'ombe wako waliokonda wana faida kuliko hii mizigo yangu. Lakini nilipofumba macho niliona vidole viwili vilivyofungwa kwa kitambaa.

Nikaandika. Machi, ishirini. Aprili, ishirini. Mei, ishirini. Mistari thelathini na sita.

Mama Wilhelmina aliangalia ukurasa kwa makini. "Mbona zote ishirini? Haipandi wala haishuki?"

"Nimeweka ya chini, mama. Sitaki kukudanganya."

Akafanya ishara ya msalaba, akalikunja daftari na kulifunga kwenye pindo la kanga.

Jioni hiyo nikampigia Modesta. "Tumepata mteja! Maboksi yote! Tafuta mkokoteni, yapeleke bandarini yapande meli ya kesho kuja Nansio."

Alipiga kelele za furaha. Yeye na mkono wake ule ndiye aliyesimamia upakiaji, boksi baada ya boksi. "Nilijua tu, kaka," akaniambia. "Mwezi ulikuwa haujaisha."

Jumamosi nilipata kibali cha kusafirisha mifugo, tukawapandisha ng'ombe kwenye lori la Fuso, tukavuka na kivuko cha Rugezi. Jua linazama walikuwa ndani ya zizi la marehemu baba, Misungwi. Zizi ambalo halikuwa na kwato tangu Septemba. Baba mdogo Shimba alinipiga bega.

"Wamekonda kidogo."

"Safari, baba mdogo."

"Si kitu. Umemtunzia mdogo wako. Baba yako angekuwepo angefurahi."

Nikachukua ndoo, nikaenda kuwatekea maji.

Jumapili, saa nne, watu wa Chenge walifika. Wazee watatu, na Chenge mwenyewe kwenye pikipiki, amevaa shati la kanisani lililopigwa pasi. Aliamkia watu wote kwa heshima. Alipompita Modesta alimwambia kwa sauti ya chini, nikasikia, "Wakipungua hata mmoja, unapanda nyuma hapa."

Modesta alikuwa amesimama kwenye uzio akiwatazama ng'ombe. Nilimpa simu yangu anishikie, nikaingia zizini kusaidia kuhesabu.

"Kaka," akaniita. "Simwoni yule mwenye pembe iliyovunjika."

"Alikufa wakati wa kuzaa. Nilibadilisha."

"Na mweusi?"

"Huyo pia."

Alinitazama kwa lile jicho lake moja. Lakini mzee wa upande wa Chenge alikuwa ameanza kuhesabu kwa vijiti, na Modesta akageuka kufuata hesabu. Alitaka kuwa huru, mtu asije akamlaumu kwa hilo.

Kumi. Kumi na mmoja. Kumi na wawili. Jasho lilikuwa linanitiririka mpaka kwenye viatu.

"Kumi na wanne," mzee akasema. "Wametimia. Sisi hatuna neno."

Shangazi zangu wakapiga vigelegele. Chenge akatema mate chini. Baba mdogo Shimba akampa Modesta fimbo. "Watoe mwenyewe, mwanangu. Wakivuka hapo mlangoni, hakuna atakayekuita mke wa Chenge tena."

Modesta akaishika fimbo kwa mkono mzima. Akapiga hatua ya kwanza.

Simu yangu ikaita kwenye mkono wake mwingine.

Angeiacha iite tu! Hata leo najiuliza kwa nini hakuiacha. Aliipokea kwa adabu, kama tulivyofundishwa.

"Haloo? Shikamoo, mama... Hapana, mimi ni mdogo wake... Ndiyo, wamefika salama." Akasikiliza. "Kumi na wanne, ndiyo mama... Ng'ombe wako?"

Nilianza kutembea kuelekea kwake. Ng'ombe mmoja alikuwa amenizibia njia.

"Ishirini?" Modesta akasema. "Kila mwezi?... Nani amekuandikia, mama?... Miaka mitatu."

Akaishusha simu, hakuikata. Vigelegele vilikuwa vimekoma.

"Kaka, nimekaa dukani kwako siku mbili. Aliingia nani?"

"Modesta, watoe ng'ombe kwanza."

"Aliingia nani?"

"Hakuna."

"Na huyu mama umemwandikia ishirini."

"Watoe kwanza, nakuomba. Ukishakuwa huru nitakueleza yote. Nakuomba, mdogo wangu. Nitapiga magoti."

"Ng'ombe wangu wako wapi, Mayala?"

Katika maisha yake yote hakuwahi kuniita jina bila kaka. Wazee wote walikuwa wananiangalia, na baba mdogo Shimba alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Niliwauza," nikasema. "Nilidhani nitanunua mara mbili yake. Nilikuwa na uhakika."

Hakulia. Nilitaka alie. Aliegemeza fimbo kwenye uzio taratibu.

"Ana wajukuu wanne," akasema. "Amenitajia majina yao. Anauliza aanze kumuuzia nani, ili ile ishirini ya Machi isimpite."

"Kuna shida?" Chenge akauliza. Alikuwa anatabasamu. "Kama kuna shida sisi tunaondoka na mtu wetu tu."

"Mwanangu, swaga hao ng'ombe!" baba mdogo Shimba akasema. "Mambo mengine ni yetu, tutayamaliza!"

"Siwezi, baba mdogo. Nitatoka mimi kwenye shida, aingie yule mama." Modesta akanigeukia, akaiweka simu sauti ya juu ili kila mtu asikie, akaninyooshea. "Mwambie ukweli. Hapa hapa. Akisema wabaki kwetu, nitawatoa. Akisema warudi, nachukua begi langu narudi na Chenge."

"Atakuua, Modesta."

"Basi mwambie vizuri."

Simu ilikuwa inasema yenyewe. "Haloo? Haloo, mwanangu? Mbona mmenyamaza?"

Chenge akapiga kiki. Pikipiki ikawaka. Akasogea mbele kidogo kwenye siti, kuacha nafasi ya mtu wa nyuma.

Niliishika simu kwa mikono miwili.

"Mama Wilhelmina, ni mimi, Mayala."

"Ee, baba Mtabiri! Maboksi nimeyapokea. Nauliza tu kuhusu ile ishirini."

"Mama, siijui. Ile ishirini niliitunga." Nikaanza upya. "Sijui utauza ngapi Machi. Sijui kama utauza hata moja. Mimi sijauza tangu Novemba. Mwaka huu sijui, mwaka kesho sijui, mpaka mjukuu wako amalize shule sijui. Ng'ombe wako wako hapa mbele yangu, na dada yangu ameshika begi: ukisema wabaki, ameachana na mume anayempiga; ukisema warudi kwako, anarudi kwake."

Upande wa pili nilisikia kuku, na mtoto akiuliza, "Bibi, amesema nini?" Nilisikia karatasi, kurasa za daftari zikifunuliwa moja moja.

Modesta alikuwa ameshapachika kamba ya begi begani.

"Huyo dada yako," mama Wilhelmina akasema hatimaye, taratibu sana, "mpe simu."